Cantera, OpenFOAM, Fluent au FDS: programu ipi ya kuiga mwako inafaa kwa kichomeo cha bayogesi?

Nalubaale_Eng (Kampala)
Wakuu, shikamooni mlio wakubwa. Nasomea uzamili wa uhandisi mitambo, na mada yangu ni kichomeo cha jiko la bayogesi, ile ya samadi ya ng'ombe. Nataka kuiga mwako wake kwenye kompyuta nijue monoksidi ya kaboni inatoka kiasi gani, na ni wakati gani miali inanyanyuka na kuachana na matundu. Nina laptopu ya i5 yenye RAM ya GB 8, na umeme wa mtaani kwangu hautabiriki. Msimamizi anasema Fluent, rafiki anasema OpenFOAM. Nimesikia pia Cantera na FDS. Nianze na ipi?

Fundi_Mbarara
Fluent, bila kupoteza muda. Toleo la wanafunzi ni bure, unachora, unabonyeza, unapata picha. Lina kikomo cha idadi ya seli (vipande vidogo ambavyo umbo linagawanywa ili likokotolewe) lakini kichomeo ni kitu kidogo. OpenFOAM haina vitufe, ni mafaili ya maandishi matupu. Utazeeka nayo.

Mama_Meshi (Jinja)
Marahaba mdogo wangu. Kabla ya programu, kaa na kalamu kwanza.

Bayogesi inafika kwenye pua (kitundu chembamba inakochomokea) ikiwa na shinikizo la kilopaskali 1 hivi, yaani sentimita 10 za maji. Piga hesabu ya Bernoulli, inayogeuza shinikizo kuwa mwendo, utapata mwendo wa kama mita 40 kwa sekunde. Kwa pua ya milimita 2, namba ya Reynolds, inayoonyesha kama mtiririko ni tulivu (ikiwa ndogo) au wa msukosuko (ikiwa kubwa), inafika maelfu kadhaa. Hapo pana msukosuko, lakini hapana moto. Gesi inavuta hewa tu. Sasa nenda kwenye matundu ya kichomeo: milimita 3, mwendo wa mita 1 kwa sekunde, Reynolds haifiki hata 300. Moto uko hapo, na mtiririko wake ni tulivu kabisa.

Kwa hiyo kazi ni mbili. Pua na bomba la kuchanganyia unaziiga baridi, bila kemia yoyote, na kwa hilo Fluent ya Fundi inatosha sana. Tundu unaliiga na kemia, bila modeli ya msukosuko.

Ninachokihofia ni watu kuichagua modeli ya Magnussen kwa kuwa inakwenda haraka. Ile inachukulia kwamba kasi ya mwako inaamuliwa na msukosuko unaochanganya gesi na hewa. Mahali pasipo na msukosuko inakupa namba za ovyo zenye rangi za kupendeza. Na ukiweka mmenyuko mmoja tu, methani igeuke moja kwa moja kuwa dioksidi ya kaboni na maji, hiyo monoksidi unayoitafuta haimo hata kwenye mlinganyo!

Anza na Cantera. Ni ya bure, unaiandikia Python, na inakuja na GRI-Mech 3.0, orodha ya kemia ya mwako wa methani yenye spishi (aina za molekuli na atomu) 53 na mimenyuko 325. Mwali wa mwelekeo mmoja unakokotolewa kwa dakika chache kwenye hiyo hiyo i5. Weka methani asilimia 60 na dioksidi ya kaboni 40, uone kasi ya mwali inavyoshuka kutoka ile sentimita 40 hivi kwa sekunde ya methani tupu. Nusu ya swali lako la miali kunyanyuka imo humo.

Arua_Moto
Mbona FDS hamuitaji? Mimi naitumia kuiga moshi kwenye majengo ya soko, ni ya bure, inatoka NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, na Smokeview, programu yake ya kuonyesha matokeo, inaonyesha moshi vizuri mno.

Mama_Meshi (Jinja)
Kwa soko, FDS hasa. Kwa tundu la milimita 3, hapana kaka. Imetengenezwa kwa mioto mikubwa ambayo mwako wake unasubiri hewa ichanganyike.

Mwl_Tororo
Dada amemaliza mengi, naongeza ya OpenFOAM kwa sababu baada ya Cantera utaihitaji.

Usiige kichomeo kizima. Mwali una unene wa karibu nusu milimita, na unataka seli kama kumi ndani yake. Chukua tundu moja, likate kama kabari nyembamba kwa kuwa ni la duara. Utabaki na seli elfu hamsini hivi. Mzigo ni kemia: mimenyuko mingine inaisha kwa mikrosekunde wakati gesi inapita tunduni kwa milisekunde, na mkokotozi hawezi kuiruka ile ya haraka. Punguza orodha kwanza (DRM19, orodha fupi ya kemia ya methani, ina spishi 21 na mimenyuko 84), kisha washa TDAC, mbinu iliyomo kwenye OpenFOAM inayohifadhi majibu ya hali zilizokwishakokotolewa na kuyatumia tena. Kwenye mifano ya mafunzo ya OpenFOAM kuna counterFlowFlame2D_GRI_TDAC, anzia hapo.

Pia badilisha shinikizo! Mafaili ya mfano yana paskali 100,000 au 101,325. Kampala iko mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, shinikizo ni takriban kilopaskali 88. Kabale ni pungufu zaidi.

Nalubaale_Eng (Kampala)
Asanteni sana. Mwalimu, mbona kwangu reactingFoam, ile amri ya kukokotoa mwako, haipo? Nimeweka OpenFOAM toleo la 11.

Mwl_Tororo
OpenFOAM ina matawi mawili. Kuanzia toleo la 11 la tawi la Foundation unatumia foamRun na moduli ya multicomponentFluid. Matoleo ya tawi la openfoam.com, yanayoanza na herufi v, bado yana reactingFoam. Chagua tawi moja usichanganye. Na andika matokeo mara kwa mara, na kwenye mipangilio startFrom iwe latestTime (anzia wakati wa mwisho uliohifadhiwa), ili umeme ukirudi uendelee pale ulipokomea.

Fundi_Mbarara
Bado nasema msimamizi akitaka Fluent mpe Fluent, ndiye anayesaini. Ila hapo kwa Magnussen nimeelewa, chagua tulivu na kemia kamili. Swali langu: ile gesi yenye harufu ya mayai viza inayokula vichomeo, mnaiigaje?

Mama_Meshi (Jinja)
Sulfidi ya hidrojeni? GRI-Mech haina salfa kabisa, ni kaboni, hidrojeni, oksijeni, nitrojeni na agoni tu. Achana nayo kwenye uigaji, ipitishe gesi kwenye chujio la kutu ya chuma kabla haijafika jikoni.