Naomba ushauri wa poka: nina karata nne za kopa, nilipe au niache?

Habari za jioni, wakubwa. Hapa Kirumba, Mwanza, tunajifunza poka ya Texas kwa vizibo vya soda, hela hakuna. Nina A na 7 za kopa. Kati ya karata tatu za mezani, mbili ni kopa, hivyo nahitaji moja zaidi nitimize kopa tano. Zimebaki kopa 9 katika karata 47 nisizoziona: karibu asilimia 19 kwa karata ijayo, 35 kwa zote mbili ambazo bado hazijafunguliwa. Mezani kuna vizibo 60, mpinzani kaongeza 30. Kulipa 30 ili nigombee 120 kunadai nafasi ya kushinda ya asilimia 25.

Hapo ndipo ninapokwama. Nikitumia 35 nalipa, lakini karata ya nne ikikataa anapandisha tena na hesabu inavunjika. Kama bado ana vizibo vingi, nitumie 19 au 35? Na zile A tatu zilizobaki nazihesabu kama karata za kuniokoa, au kopa tu?