Tupeane uzoefu: wazazi wetu wachungaji wanapotumwa Ulaya wakiwa watu wazima

binti_kanyigo
Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wa imani nyingine pia nawasalimu. Naombeni uzoefu wenu. Baba yangu ni mchungaji wa KKKT huku Kagera, bado kidogo astaafu, sasa amepangiwa kwenda Ujerumani yeye na mama kwa miaka mitatu kupitia VEM, lile shirika la misioni la makanisa, usharika uko upande wa Wuppertal. Baba amefurahi kweli, kila mgeni anayeingia anamwambia wamisionari wa Betheli kutoka Ujerumani walikuja Bukoba 1910 na sasa ni zamu yetu kwenda kwao. Mimi wasiwasi wangu ni mama. Ana presha, Kijerumani hajui hata neno, na maisha yake yote ni kwaya, kikundi cha akina mama, migomba yake na watu kuingia na kutoka pale nyumbani tangu asubuhi. Waliowahi kwenda au wenye wazazi waliokwenda, wanaanzaje maisha? Sizungumzii viza, hayo kuna watu wanashughulikia. Nauliza maisha yenyewe.

mama_mch_mstaafu
Amina mwanangu. Mimi na mzee tulikaa hukohuko Wuppertal kwa hiyo nakwambia kitu nilichokiona. Watakutisha na baridi. Baridi unanunua koti na viatu vya maana basi, umemalizana nayo. Kilichonishinda mimi mwanzoni ni ukimya. Tulipewa nyumba nzuri tu ghorofa ya pili, maji ya moto saa yoyote, mzee asubuhi anaondoka ana vikao ana kalenda imejaa mpaka mwezi ujao, mimi nabaki nasikiliza friji inavyonguruma. Huku kwetu kuitwa Mama Mchungaji ni kazi kabisa, mara kaja mwenye mgonjwa, mara kaja aliyegombana na mumewe, mara watoto wa kipaimara wanataka chai. Kule mke wa mchungaji ni mwalimu au nesi ana shughuli zake, usharika haumdai kitu. Hakuna aliyenifanyia ubaya, walikuwa wanatabasamu vizuri tu, ila hakuna aliyenihitaji, na ukiwa mtu mzima hilo linauma we acha.

Kilichonitoa ni kozi ya lugha. Darasani nilikuwa na Wasiria, Waukraine na kijana mmoja wa Eritrea, wote umri wa wanangu, wananibebea mkoba, wananitunzia kiti karibu na hita. Kijerumani changu hakikufika mbali mwanangu nisikudanganye, lakini nilikuwa na mahali pa kwenda asubuhi na mtu wa kuniuliza jana mbona hukuja.

Halafu kuna ile treni yao inayoning'inia, ipo tangu 1901, reli iko juu na behewa limetundikwa chini yake, ukichungulia chini unaona mto Wupper unapita. Ikifika kwenye kona inayumba na abiria wala hawashtuki wanasoma gazeti. Nikagoma kuipanda, mzee akawa anapanda nami nafuata na basi! Baadaye ndo ikawa starehe yangu, napandia Vohwinkel nashukia Oberbarmen mwisho wa njia kisha narudi, sina shughuli yoyote, naangalia tu madirisha ya watu na sufuria zao.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja, kozi ya mama ipewe uzito uleule wa kozi ya baba. Mara nyingi baba anasomeshwa kwa sababu ndo mwenye kazi, mama anaambiwa atajifunza polepole dukani. Dukani hujifunzi kitu, unaweka vitu kwenye mashine unalipa unaondoka. Kama ana ndugu Dar akakae naye miezi kadhaa asome Kijerumani pale taasisi ya Goethe kabla ya safari.

kijana_bielefeld
Mama kamaliza, mimi naongeza vitu vidogovidogo ambavyo wazee wangu vilikuwa vinawapandisha presha. Cha kwanza takataka. Yani kuna pipa la karatasi, pipa la maganda ya chakula, pipa au mfuko wa njano wa vifungashio, na la mabaki mengine, kila moja na siku yake kwenye kalenda. Chupa za kioo unazipeleka kwenye makontena ya mtaani kwa rangi yake na Jumapili usithubutu, zinapiga kelele na Jumapili ni siku ya kimya, hata mashine ya nyasi huwashi, maduka nayo karibu yote yamefungwa kwa hiyo Jumamosi jioni hakikisheni chumvi ipo. Jirani mmoja alirudisha mfuko wetu mlangoni na kikaratasi kimeandikwa vizuri kabisa kwa mkono, baba alifikiri ni barua ya kukaribishwa.

Chupa za plastiki za maji na soda nyingi zina amana ya senti 25 unarudishiwa ukiziingiza kwenye mashine ya supamaketi. Mama alipogundua hilo nyumba nzima ikawa haitupi chupa, ana mfuko nyuma ya mlango ameuita sadaka na kweli Jumapili zinaenda kanisani.

Pili madirisha. Wazee wakisikia baridi wanafunga kila kitu wanawasha hita mpaka mwisho, nyumba za kule hazitaki hivyo, ukuta unaota ukungu na mwenye nyumba anakuja juu. Asubuhi na jioni fungua madirisha wazi kabisa dakika chache hata kama nje kuna theluji, kisha funga. Mama yangu mpaka leo anasema ule ni uchawi.

Tatu, itakuja barua ya kudai ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba hata kama huna TV. Mzee alisema ni matapeli akaiweka kwenye droo. Sio matapeli. Barua yoyote ya kule isikae kwenye droo, itakuja ya pili imeongezwa faini.

wa_uppsala
Huku Sweden usipokuwa na namba ya utambulisho kwanza huna kitu, akaunti ya benki shida, laini ya simu ya mkataba shida, kila kitu wanakuuliza namba. Wazazi wangu wakati wanaisubiri walikuwa wanaishi kwa kadi yangu. Sasa kilichowashinda ni chumba cha kufulia. Kwenye jengo la ghorofa mashine ziko chini, mnachangia jengo zima, kuna ubao unaweka alama ya muda wako na muda huo ni wako, ukizidisha hata kidogo anayefuata amesimama na kapu lake anakuangalia tu hasemi. Mama akaona isiwe taabu akawa anafulia bafuni usiku na kanga zinaning'inia nyumba nzima, tukiingia tunapita katikati ya methali.

Na jua. Desemba jua linazama kabla ya saa tisa alasiri. Juni ni kinyume, giza haliji, baba alikuwa anasubiri liingie ndo waende kulala, anashangaa ni saa sita usiku na nje kunaonekana. Wanunulie mapazia mazito na daktari awape vitamini D mapema.

mch_upareni
Nimesoma nimecheka. Mimi na mke wangu tulikuwa Saksonia, upande wa mashariki uliokuwa wa kikomunisti, huko wengi hawana kanisa kabisa, wala hawana ugomvi nalo, halimo tu kwenye maisha yao. Mchungaji mmoja anabeba vijiji kadhaa, kila kijiji na kanisa lake la mawe la miaka mia na mia, Jumapili wameketi watu wachache wote wazee kuliko mimi na kila mmoja benchi lake. Ibada ikipita saa moja wanaangalia saa. Baba yako ajiandae kwa hilo, kama amezoea kwaya tano na matangazo ya nusu saa ataona kama ameachwa njia panda.

Kuhusu gari, leseni yetu inafanya kazi miezi 6 tu tangu uanze kuishi kule, baada ya hapo ni mtihani wa maandishi na wa barabarani kama kijana wa miaka 18. Kijijini basi linapita mara chache, bila gari humfikii mgonjwa. Aanze taratibu mapema asingoje mpaka miezi mitano ipite.

Ila nitawasimulia la sikukuu ya mavuno maana ndo siku tulipoanza kuwa wenyeji. Kule wanapamba madhabahu kwa maboga, tufaha, mkate mkubwa wa kusukwa, kisha vyakula vinapelekwa kwa wahitaji, kwisha. Nikauliza, mnada je? Mnada gani. Nikawaeleza kwetu tunavyonadi kuku na mkungu mbele ya kanisa. Wakalipeleka kwenye kikao cha wazee wa kanisa, likajadiliwa kama bajeti, nikaruhusiwa boga moja. Siku ya siku nimelinyanyua, naanzia euro mbili. Kimya. Nikatembea nalo katikati ya mabenchi nalisifia. Bibi mmoja wa benchi la nyuma, ambaye miezi yote hajawahi kuniambia zaidi ya asubuhi njema, akanyoosha kidole, tano. Mke wangu hakujizuia akapiga kigelegele, bibi wa watu akashika kifua tukajua tumeua, kumbe anacheka machozi yanamtoka. Mke wangu akamnong'oneza kwamba akipenda anaweza kulirudisha boga linadiwe tena. Lilirudi, likanunuliwa na mwingine, naye akalirudisha. Mwaka uliofuata hawakulipeleka kikaoni, walinipigia simu wao wenyewe kuuliza nataka maboga mangapi.

Na mke wangu kuanzia siku ile ndo akaanza kuitwa kwenye kahawa na keki za akina mama. Kumbe walikuwa wanaogopa kumsumbua!

mtoto_wa_leeds
Sasa watu wangu, mimi ni Mkenya, wazee wangu walikuja Uingereza kuhudumu kanisa moja huku Yorkshire. Ya Ujerumani siyajui lakini kwa yeyote anayekuja huku achunge pesa ya afya inayolipwa na viza, pauni 1,035 kwa kila mtu mzima kwa kila mwaka, na unalipa ya miaka yote mara moja kabla hujaona ndege. Kanisa lilikuwa limeahidi italipa, ikafika wakati tukaambiwa bajeti ilikuwa ya baba peke yake. Harambee ikafanywa na mbuzi wakauzwa. Pata hiyo ahadi kwa maandishi, na jina la mama liwe ndani.

Mazuri pia yapo. Mathe dawa zake za presha hapa England ni bure kwa sababu amepita miaka 60. Na huku gari ni upande wa kushoto kama nyumbani ingawa leseni yetu ni ya miezi 12 tu.

wa_hamburg
Mimi naongea lile ambalo watu hawapendi kuliongelea. Msiba. Wazazi wakiwa kule lazima nyumbani atakufa mtu, wako kwenye umri huo wao na ndugu zao. Kwetu alifariki mdogo wake baba wa tumbo moja, nauli ya ghafla ilikuwa haishikiki, wakazika na sisi tunaangalia kwenye simu, mtandao unakatika jeneza likiwa linashushwa. Kilichomuumiza mama ni kwamba mtaa mzima walijua na hakuna aliyeingia kuwapa pole. Walituma kadi nyeupe kwenye sanduku la barua, nyingi, zimeandikwa maneno mazito sana, lakini mlango haugongwi. Mama akasema hawa ni watu kweli? Ndo ustaarabu wao, wanaona kuingia kwa mfiwa bila miadi ni kumsumbua. Tukatafuta Watanzania wa karibu, wakaja wa Bremen na Hannover, wakapika, wakalala sebuleni chini, mama akalia vizuri kama mtu anavyotakiwa kulia. Kwa hiyo binti, kabla hawajafika tafuta namba za Waswahili wa mji ule na miji jirani. Usingoje shida.

binti_kanyigo
Jamani nimewasomea wazazi yote kwa sauti. Asanteni mno. Kwenye msiba walinyamaza wote wawili, kwenye boga baba alicheka mpaka akakohoa. Suala la kozi ya mama baba ameshaandika barua leoleo, nitahakikisha imefika. Mama anauliza tu chakula, unga upo? Na vya kubeba ni vipi?

mama_mch_mstaafu
Unga mweupe wa mahindi upo kwenye maduka ya Waafrika na Waasia, supamaketi za kawaida utakuta wa njano wa chengachenga, ugali wake unatoka lakini mzee wangu hakuukubali. Mwiko abebe wake. Nyama na maziwa asibebe kabisa, hata jibini, vinanyang'anywa uwanjani. Dagaa na samaki wakavu kiasi cha matumizi yake wanapita. Ndizi nazo zinapita, matunda mengi yanadai cheti ila ndizi imesamehewa, mwambie Mama Mhaya afurahi. Dawa zake aweke kwenye mkoba wa mkononi na karatasi ya daktari yenye majina ya dawa, sio majina ya kampuni, na za kutosha mpaka apate daktari wa familia maana miadi ya kwanza inaweza kuchukua wiki.

kijana_bielefeld
Na plagi, umeme ni uleule ila tundu zao ni za pini mbili za mviringo, pasi na chaja za kwetu zinahitaji adapta.

mch_upareni
Mchungaji abebe kanzu yake nyeupe na stola zote za rangi. Wenzetu wengi wanavaa joho jeusi na watamwazima moja, alivae akipewa, lakini siku ya mavuno avae kanzu yake.

binti_kanyigo
Nimemwambia. Ameuliza kama hiyo euro mbili ya kuanzia sio ndogo.