Kufungua mabano penye alama ya kutoa: 5 − 2(x − 4)

Mzazi_Tabata
Wakuu, habari za jioni. Vijana wana zoezi la kufungua mabano na kurahisisha: 5 − 2(x − 4). Mdogo, wa darasa la saba, kapata −2x − 3. Dada yake kapata 3x − 12. Jibu la mwalimu wa tuisheni ni 13 − 2x, bila maelezo. Mdogo anashikilia kwamba MAGAZIJUTO (mpangilio wa Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa) inasema mabano kwanza, sasa x − 4 inakokotolewaje? Na hiyo 8 imekuwaje ya kujumlisha?

Mwl_Temeke
Ndugu, hayo ni makosa mawili yenye vyanzo tofauti, kwa hiyo usiwasahihishe kwa maneno yaleyale.

Dada ameanza na 5 − 2, akapata 3, ndipo akazidisha. Hiyo 2 imeshikana na mabano, maana yake ni kuzidisha, na kuzidisha kunatangulia kutoa. Azungushie penseli −2(x − 4) yote pamoja na alama yake, 5 aiache pembeni kwanza.

Mdogo amezidisha x kwa −2 vizuri, ila alipofika kwenye −4 akazidisha kwa 2 tupu. Kilicho nje ni −2 mpaka mwisho wa mabano:
−2 × x = −2x
−2 × −4 = +8
Basi 5 − 2x + 8 = 13 − 2x.

Kuhusu MAGAZIJUTO, unakokotoa ndani pale panapokokotoleka. x na 4 haziungani, kwa hiyo unazidisha kila kimoja kwa cha nje. Watu watatu wakitoka Tabata kwenda Kariakoo, kila mmoja akalipa nauli x na maji y, jumla ni 3(x + y), yaani 3x + 3y. Anayeandika 3x + y amemnunulia maji mmoja tu.

Angalizo: hii ni pale ndani pana kujumlisha au kutoa. 3(4 × x) ni 12x. Ukizidisha 4 kwa 3, na x tena kwa 3, utapata 36x, na hilo ni kosa.

Mzazi_Tabata
Asante sana mwalimu. Na kama mbele ya mabano hakuna namba, mfano 7 − (x − 3)?

Mwl_Temeke
Waandike 1 iliyojificha: 7 − 1(x − 3) = 7 − x + 3 = 10 − x. Wasiiruke hatua hiyo hadi wazoee.

Hesabu_Kigamboni
Naongezea jambo ambalo halifundishwi vya kutosha: kuhakiki. Weka namba mahali pa x kwenye swali, kisha kwenye jibu. Kwa x = 2, swali ni 5 − 2(−2) = 9. Jibu 13 − 2x linatoa 9. La mdogo linatoa −7, la dada −6. Mtoto anajiona mwenyewe kwamba amekosea kabla daftari halijasahihishwa.

Ila namba ya kuhakikia ichaguliwe. Chukueni (x + 3)², ambayo wengi huandika x² + 9. Ukiweka 0, pande zote zinatoa 9 na kosa linapita. Nayo 1 haitofautishi x na x², kwa hiyo aliyeandika x mahali pa x² hatagundua. Tumieni 2 au 3. Kwa 2, (2 + 3)² ni 25, lakini x² + 9 ni 13.

Mwl_Temeke
Hapo umegusa penyewe. (x + 3)² ni (x + 3)(x + 3), na kila cha mabano ya kwanza kinazidisha kila cha mabano ya pili: x² + 3x + 3x + 9 = x² + 6x + 9. Wanaosahau 6x wapeni 23² kwanza, yaani (20 + 3)²: 400 + 9 ni 409, wakati jibu ni 529. Zile 120 zinazokosekana ni 20 × 3 mara mbili.

Mabano yakitofautiana, chora jedwali la vyumba vinne. Kwa (x + 3)(x − 5), juu andika x na −5, pembeni x na +3, kila namba na alama yake. Vyumba vitakuwa x², −5x, 3x na −15. Jumla: x² − 2x − 15. Chumba kikibaki kitupu, kuna kuzidisha kumerukwa.