Mama ameacha dawa kwa sababu ya ujumbe wa WhatsApp

Swali: Ndugu wanajukwaa, mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, ameacha dawa za shinikizo la damu baada ya kusoma katika kundi la ukoo ujumbe uliotumwa na shemeji yangu kwamba kitunguu saumu kinatosha. Nimweleze vipi bila kumvunjia heshima?

Jibu la kwanza: Pole sana. Awahi kwanza kwa daktari wake, maana kuacha dawa hizo ghafla kunaweza kuleta kiharusi. Kisha keti naye, umwoneshe mishale miwili inayokaa juu ya ujumbe uliokwisha kupita kwa watu wengi, ambao tangu Aprili 2020 WhatsApp huruhusu upelekwe kwenye soga moja tu kwa wakati mmoja. Mishale hiyo haithibitishi uongo, lakini inamwonesha kwamba aliyemtumia siye aliyeuandika.

Jibu la pili: Tusiwaone wazee kuwa wajinga. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 ulionesha kwamba watu wenye zaidi ya miaka 65 walisambaza katika Facebook habari za tovuti za uongo karibu mara saba ya vijana, na tofauti hiyo ilibaki hata kiwango cha elimu kilipozingatiwa, yaani chanzo si kukosa elimu. Mama anamwamini shemeji aliyeutuma, kwa hiyo usimsahihishe kundini mbele ya wakwe. Zungumza naye faraghani.

Muulizaji: Nashukuru. Kesho asubuhi nampeleka kliniki, na huyo shemeji nitampigia mwenyewe.