Binti golikipa: timu mpya ya chuo au timu kongwe?

Mama Neema: Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine. Binti yangu anacheza hoki ya barafu hapa Minnesota, Marekani, mwakani anamaliza shule. Vyuo viwili vinamtaka. Kimoja timu yao ya wanawake ndiyo kwanza ina misimu miwili, kingine ni kongwe, kina makombe. Baba yake anataka kongwe. Mimi moyo uko kwa ile mpya. Jibu linatakiwa Ijumaa.

Mzee wa Duluth: Marahaba. Mpeleke timu mpya! Wanawake wa chuo cha Minnesota Duluth walianza msimu wa 1999–2000. Machi 2001 NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani, ikafanya fainali yake ya kwanza kabisa ya hoki ya wanawake, Duluth wakawapiga St. Lawrence 4–2. Mwaka 2002 wakawafunga Brown, 2003 Harvard, tena nyumbani, 4–3 katika muda wa nyongeza wa pili. Nilikuwepo, sauti ilinikauka siku tatu. Misimu minne, makombe matatu.

Shangazi Madison: Mzee, simulia yote basi. Kocha Shannon Miller alitoka kuifundisha Kanada kwenye Olimpiki ya Nagano 1998. Akamleta Maria Rooth kutoka Sweden na kipa Tuula Puputti kutoka Finland. Uchanga gani huo? Chuo cha Wisconsin nao walianza 1999, kombe la kwanza wakalipata 2006. Walioanza na timu walishahitimu zamani.

Kijana wa Bara: Mama Neema, anacheza nafasi gani? Divisheni ya kwanza, yaani daraja la juu la vyuo, au ya tatu? Ada nani analipa? Watu wanajibu na swali halijakamilika.

Mama Neema: Samahani. Ni golikipa. Vyote divisheni ya kwanza. Wapya wanalipa ada yote, kongwe nusu.

Kijana wa Bara: Golikipa! Hilo ndilo la kuanza nalo. Langoni anasimama mmoja tu. Kongwe wana makipa wangapi?

Mama Neema: Watatu. Wawili wako mwaka wa kwanza.

Kijana wa Bara: Basi atakaa benchi miaka mitatu, akiwafungulia wenzake mlango.

Zuhura B: Msimdanganye mwenzenu. Mpwa wangu alikwenda timu changa, chuo sikitaji. Waliahidiwa uwanja wao, wakaishia kupanga zamu kwenye uwanja wa mji: mazoezi saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu jioni barafu ni ya watoto na wazee wa ligi ya starehe. Vyumba vya kubadilishia havikuwepo, walivalia kwenye korido. Kocha aliyewaita akaondoka kabla ya Krismasi. Siku moja walisafiri kwa basi kwa muda wa saa tisa, wakafungwa mabao tisa, wakageuza usiku huohuo. Mtoto ni kipa kama huyo wako, alipigiwa mashuti hamsini na kitu. Aliporudi likizo hakutaka hata kuviona vile viatu. Sasa anasoma uhasibu, hataki kusikia habari za hoki.

Mzee wa Duluth: Pole yake. Lakini kipa anayepigiwa hamsini ndiye anayejifunza.

Zuhura B: Ungekuwa wewe uliyepigwa usingesema hivyo.

Shangazi Madison: Na timu inaweza kufutwa. Chuo cha Robert Morris walifuta hoki yao 2021, wanawake kwa wanaume, ikarudi 2023. Wasichana walishatawanyika.

Kijana wa Bara: Hao hawakuwa wachanga, shangazi. Hoja yako imegeuka, sasa inampa nguvu mzee.

Mkenya wa Baridi: Mnasema hoki ya barafu, sisi tulizoea magongo. Nairobi kuna barafu kwenye hoteli ya Panari, wale Ice Lions, timu yetu ya hoki ya barafu, wanapiga mazoezi pale, na Kenya iliingia shirikisho la dunia 2024. Neema ana pasipoti ya Kenya?

Mzee wa Duluth: Ile barafu ya hotelini ni ndogo kama sebule.

Mkenya wa Baridi: Sebule imetoa timu ya taifa, mzee.

Shangazi Madison: Tumetoka nje ya mada. Mama Neema, kocha wa wapya ana mkataba wa miaka mingapi? Na barafu ni ya chuo au ya mji?

Mama Neema: Nimempigia, anasema atanijibu wiki ijayo. Ijumaa ni keshokutwa. Neema mwenyewe yuko gereji anadakia mipira ya tenisi. Baba yake naye, tangu asome hapa, anauliza nauli ya Nairobi.