Chumba cha giza ndani ya stoo ndogo: nifanyeje na joto na maji ya Pwani?

MpigaPicha wa Tanga

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari zenu. Ninaishi Tanga katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili, sebule, na stoo isiyo na dirisha yenye upana wa mita 1.5 na urefu wa mita 2.1. Marehemu mjomba wangu alikuwa mpiga picha, na vitu vyake vilipogawanywa mimi nilipewa mashine ya kukuzia picha, lenzi ya milimita 50, trei tatu na kopo la kusafishia mkanda. Ni mwaka wa pili sasa ninapiga picha za nyeusi na nyeupe na kusafisha mikanda yangu mwenyewe jikoni usiku, lakini sijawahi kutoa hata picha moja kwenye karatasi, na nimechoka kuziinua hasi zangu (picha za mkanda ambazo weupe na weusi wake umegeuzwa) kwenye mwanga wa dirisha nikikisia zitakavyokuwa. Sasa nataka kutengeneza chumba cha giza cha kutolea picha hapa nyumbani.

Stoo haina bomba wala tundu la kutolea maji. Bafu lina maji, ila tunalitumia watu wanne na choo kimo humo humo. Je, nitumie kipi? Jambo la pili ni joto: maji ya tangi la juu ya paa yanafika nyuzi 30 jioni, ilhali maelekezo ya dawa yote yanataja nyuzi 20. La tatu ni kwamba bomba likikauka tunatumia maji ya kisima ambayo yana chumvi, na mikanda yangu miwili ya mwisho ilikauka ikiwa na madoa meupe. Naomba msaada wa yeyote aliyewahi kufanya kazi hii katika nafasi finyu.

Fundi Mstaafu, Unguja

Marahaba, mwanangu, na Mungu amrehemu mjomba wako. Chukua stoo. Chumba cha giza hakihitaji bomba. Kinahitaji giza, hewa na umeme uliokaa mbali na maji. Picha zilizokwisha kupita kwenye dawa zote utazitia kwenye ndoo ya maji safi, na ukimaliza kazi utazitoa nje kwa pamoja ukazisuuze bafuni taa ikiwa imewashwa. Bafu linalotumiwa na watu wanne litakulazimisha kupanga na kupangua vyombo kila usiku, na kazi yenye usumbufu huo mtu huiacha baada ya mwezi mmoja.

Upande mmoja wa stoo uwe mkavu, na hapo ndipo patakapokaa mashine, karatasi na hasi. Upande wa pili uwe wa maji. Kwa kuwa huna nafasi ya kupanga trei tatu kwenye mstari, mwambie seremala akutengenezee shubaka la ngazi tatu, trei ya dawa ya kusafishia ikae juu, ya dawa ya kusimamisha kazi ya hiyo ya kwanza katikati, na ya fiksa, yaani dawa ya kuidumisha picha isiharibiwe na mwanga, chini. Usiubadili mpangilio huo, kwa sababu tone la dawa ya juu likidondoka chini halina madhara makubwa, lakini tone la fiksa likiingia kwenye dawa ya kusafishia litaiharibu. Mashine ifunge ukutani kwa skrubu ikiwa mwenye nyumba ataridhia, maana meza inayotikisika unapopita itakupa picha zenye ukungu, nawe utaisingizia lenzi.

Kuhusu giza, usiridhike kwa kuchungulia mara moja. Ingia stooni saa sita mchana, simu iache nje, funga mlango, kisha ukae dakika 10 kamili ukiwa umeshika karatasi nyeupe. Dakika za mwanzo utadhani giza limekamilika, lakini macho yakishazoea utaona uzi wa mwanga chini ya mlango, kwenye tundu la ufunguo, hata pale dari inapokutana na ukuta. Nailoni nyeusi nzito ambayo wajenzi huitandaza chini ya sakafu inafaa sana kwa kazi hiyo, na chini ya mlango weka kitambaa kizito kilichokunjwa. Ukiendelea kuiona karatasi mkononi, bado hujamaliza.

Sasa joto, na hapa ndipo vijana wengi wa Pwani wanapokata tamaa bila sababu. Usizikimbilie nyuzi 20. Zamani jelatini ya mikanda, yaani lile tabaka linaloshika picha, ilikuwa laini, ikivimba kwenye joto, na sisi tulitia salfeti ya sodiamu kwenye dawa ili kuizuia. Mikanda mingi ya leo imekazwa kiwandani. Ya rangi husafishwa kwa nyuzi 37.8 na haidhuriki. Kinachotakiwa ni dawa zote na maji ya kusuuzia yawe na joto moja. Ukiutoa mkanda kwenye dawa ya nyuzi 20 uliyoipoza kwa barafu, ukautia kwenye maji ya bomba ya nyuzi 30, jelatini inaweza kufanya mikunjo midogo kama ya ncha ya kidole kilichokaa majini, na mikunjo hiyo haiondoki tena. Chagua nyuzi 25 au 26, kisha punguza muda. Kwa makisio, kila nyuzi moja inayozidi 20 hupunguza asilimia 10 ya muda uliobaki, hivyo mkanda wa dakika 13 utahitaji takribani dakika 7 kwa nyuzi 26. Muda usishuke chini ya dakika 5, kwa kuwa dawa haitashika sawasawa mkanda mzima. Ukiona unashuka hivyo, zimua dawa zaidi na ufuate muda wa mchanganyiko huo.

Kuyafikia maji ya nyuzi 25 ni rahisi kwa mwenye mtungi. Maji ninayoyatia mtungini magharibi yakiwa na nyuzi 29 huwa nimeyakuta asubuhi yamefika 25, nayo hayakugusa umeme. Barafu usiitie ndani ya dawa, bali igandishe kwenye chupa iliyofungwa na uiweke kwenye beseni la maji ambalo ndani yake umesimamisha chupa za dawa.

Na jikoni acha. Baadhi ya dawa hizi zina metoli, ambayo huwasha ngozi ya mikono hadi ikapasuka, na nimewaona wenzangu wawili walioacha kazi kwa ajili yake. Tumia koleo au glavu, na chombo kilichoingia dawa kisirudi tena kwenye chakula.

Mkazi wa Kilimani, Nairobi

Ninaunga mkono aliyoyasema mzee, ingawa huku kwetu baridi ndiyo inayonisumbua mwezi wa saba. Ninaongeza suala la taa nyekundu, ile ya kukuwezesha kuona unapotoa picha kwenye karatasi, kwa kuwa ndilo lililonigharimu pakiti nzima ya karatasi. Karatasi ya kawaida ya nyeusi na nyeupe haioni nyekundu, lakini si kila balbu inayouzwa kwa jina la nyekundu hutoa nyekundu tupu. Ipime kwa sarafu, na uipime hivi: kwanza iangazie karatasi kidogo sana chini ya mashine, kiasi cha kuipa rangi ya kijivu hafifu ikisafishwa. Kisha weka sarafu juu yake, uiache chini ya taa nyekundu kwa dakika 10, na uisafishe. Ukiona duara la sarafu, taa yako inaichoma karatasi. Wengi huruka ile hatua ya kwanza, na kumbe karatasi ambayo haijapata mwanga wowote inaweza kuficha kosa ambalo litajitokeza baadaye kwenye picha halisi. Taa ikae angalau mita 1.2 kutoka kwenye karatasi. Kumbuka pia kwamba mkanda wenyewe huiona nyekundu, hivyo unapouviringisha kwenye gurudumu la kopo taa zote zizimwe.

Umeme wako ukipanda na kushuka, nunua stabilaiza, kifaa cha kuuweka umeme katika kiwango kimoja, kabla ya kitu kingine chochote. Balbu ya mashine ikififia, sekunde 12 za jana si sekunde 12 za leo, na utajikuta unarekebisha kosa ambalo si lako.

Anza na karatasi yenye tabaka la plastiki. Hiyo husuuzwa kwa dakika 2 tu, wakati karatasi ya nyuzi za mimea, isiyo na plastiki, hutaka maji mengi kwa muda unaoweza kufika saa nzima, na wewe maji ni ya kubeba.

Mwalimu wa Kemia, Mombasa

Madoa meupe ni chumvi za kisima zilizobaki tone lilipokauka. Huna haja ya maji matamu kwa kazi yote. Jaza kopo, lipindue mara 5, mwaga. Jaza tena, mara 10, mwaga. Jaza tena, mara 20, mwaga. Mkanda uliopita kwenye fiksa ya haraka husafika kwa utaratibu huo, na ni kopo tatu tu za maji. Kisha suuza mara ya mwisho kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke yenye matone machache ya dawa ya kuyafanya maji yateleze bila kuacha matone (wetting agent). Maji hayo hupatikana kwenye maduka ya betri za magari, lakini nakusihi usome chupa, kwa sababu jina la maji ya betri hutumiwa na baadhi ya wauzaji kwa asidi pia, na chupa zake zinafanana.

Kwa stoo isiyo na dirisha, usitumie dawa ya kusimamisha yenye harufu ya siki. Gramu 15 za ndimu ya unga katika lita moja ya maji hufanya kazi ile ile bila harufu. Bado utahitaji hewa, hivyo fungua mlango kila baada ya nusu saa, karatasi ikiwa imefungwa katika bahasha yake.

Fiksa iliyochoka ina fedha iliyoyeyuka. Usiimwage karibu na kisima. Ikusanye kwenye dumu la plastiki na utie nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Chuma kitayeyuka na fedha itatuama chini kama tope jeusi. Majimaji yanayobaki yasiende kisimani pia.

MpigaPicha wa Tanga

Nimerudi baada ya wiki tatu, na ninawashukuru kwa dhati. Taa ilishindwa mtihani wa sarafu mara mbili, nikabadilisha balbu na ya tatu ikapita. Dawa zote zilikuwa na nyuzi 26. Picha ya kwanza ni ya bibi yangu akichambua mchele barazani: kwanza ulitokea ukingo wa ungo, kisha vidole vyake, na uso ukafuata mwisho, na mimi nilisahau kuhesabu sekunde. Nimebaki na tatizo moja. Picha ni kali katikati na upande wa kushoto, lakini kona mbili za kulia zina ukungu, hata nikizungusha lenzi upya.

Fundi Mstaafu, Unguja

Hongera, mwanangu. Kwa kuwa ukungu uko upande mmoja tu, mashine imeinama. Azima pimamaji kwa fundi ujenzi, uiweke kwanza kwenye ubao wa chini, halafu pale hasi inapokaa, halafu chini ya lenzi. Sehemu zote tatu zikubaliane. Itakayokataa ilegeze skrubu zake na uiinue kwa vipande vyembamba vya kadi hadi povu la pimamaji likae mahali pale pale. Baadaye funga lenzi hatua mbili kutoka kwenye tundu lake kubwa, kisha utoe picha ya bibi upya.