Majenta inakatika katikati ya kazi: tatizo ni hedi au njia ya wino?

Mchora Mabango, Tanga

Ndugu mafundi, habari za kazi. Naomba msaada kuhusu mashine ya kuchapisha mabango yenye upana wa meta 1.6, inayotumia wino wa eko-solventi (wino wa kiyeyushi chenye harufu hafifu) na hedi moja, yaani kichwa kinachorusha wino, ya modeli ya XP600. Asubuhi nikichapisha kipimo cha nozeli (mistari ya kuonyesha kama kila tundu la hedi linatoa wino), rangi zote nne hutoka kamili, na stika ndogo ndogo hazisumbui. Shida huanza kwenye kazi yenye rangi iliyojaa, kwa mfano bango la duka lililo jekundu kuanzia juu hadi chini. Baada ya meta moja hivi hujitokeza mistari myembamba myeupe, kisha wekundu unageuka kuwa rangi ya chungwa, na hatimaye inabaki njano tupu. Nikisimamisha kazi na kuiamuru mashine ijisafishe, majenta hurudi, lakini haidumu. Fundi aliyekuja kuitazama amesema hedi imekufa, ninunue nyingine. Bei ya hedi mnaijua, hivyo ningependa kusikia maoni yenu kabla sijatoa fedha. Wino ni wa aina ile ile niliyoitumia tangu mashine ikiwa mpya.

Fundi wa Pwani

Usinunue hedi kwanza. Hedi iliyokufa haiamki nzima kila asubuhi. XP600 ina safu 6 zenye nozeli 180 kila moja, na nozeli iliyozibwa na wino uliokauka huacha pengo mahali pale pale katika kila kipimo, uwe umechapisha asubuhi au jioni. Mapengo yanayohamahama kutoka kipimo kimoja hadi kingine mara nyingi ni dalili ya hewa. Rangi inayoanza vizuri kisha ikakatika kadiri kazi inavyoendelea inaonyesha kwamba hedi inatumia wino kwa kasi kuliko unavyoifikia, na hivyo ndivyo ulivyoeleza.

Lithibitishe hilo bila kutumia hata senti. Chapisha mraba mkubwa wa majenta tupu hadi rangi ianze kukatika, simamisha, kisha chapisha kipimo cha nozeli papo hapo na ukitunze. Iache mashine imepumzika kwa robo saa pasipo kuisafisha, halafu uchapishe kipimo cha pili. Ikiwa mistari iliyopotea imerudi yenyewe, hedi yako ni nzima na kizuizi kipo kati ya tangi na hedi.

Anza na jambo jepesi: tazama kizibo kidogo cha kupitishia hewa kilicho juu ya tangi la majenta. Kikiwa kimefungwa, au kimezibwa na vumbi lililochanganyika na wino, tangi hujenga mvuto ndani yake na wino hugoma kushuka. Baada ya hapo fuatilia mrija kwa tochi tangu kwenye tangi hadi kwenye hedi, ukitafuta mahali ulipokunjwa na cheni ya kubebea mirija, au mapovu yanayosogea mbele na nyuma hedi inapotembea. Hakikisha pia nati inayoshika mrija kwenye dampa (kikopo kidogo cha wino kilicho juu ya hedi) haijalegea, maana hapo hewa huingia hata pasipo wino kuvuja. Mwisho ni dampa yenyewe. Ndani yake mna kichujio laini sana, na kikijaa masimbi ya wino hupitisha kiasi kinachotosha stika ndogo tu.

Kariakoo Stika

Nakubaliana na maelezo hayo, ila kepu, yaani kifuniko cha mpira ambacho hedi hukalia inapopumzika, isisahauliwe. Kwa kuwa rangi hurudi baada ya kusafisha, pampu inavuta, lakini hilo halithibitishi kwamba kepu inashika hewa. Sogeza hedi pembeni, jaza kepu maji ya kusafishia ya eko-solventi hadi ukingoni, kisha usubiri dakika chache pampu ikiwa imetulia. Maji yakibaki, mpira na mrija wa chini ni salama. Yakishuka yenyewe, kuna mahali panapovujisha. Ufute ukingo wa mpira kwa pamba isiyoacha nyuzi, kwa sababu unywele mmoja tu uliogandishwa na wino hapo unatosha kuingiza hewa usiku kucha. Ikishindikana kabisa, hedi ing'olewe na kuwekwa kwenye mashine ya kusafishia kwa mawimbi ya sauti.

Fundi wa Pwani

Hapo kwenye mawimbi ya sauti tunatofautiana, ndugu yangu. Nozeli za hedi hizi husukumwa na vipande vyembamba vilivyogandishwa kwa gundi, na mitikiso hiyo huweza kuvibandua. Nimeona hedi zilizoingia humo zikiwa na mapengo machache na kutoka hazina rangi hata moja. Kwa mashine ambayo kila asubuhi inatoa kipimo kamili, sioni sababu yoyote ya kuthubutu.

Mama Vinaili, Mombasa

Kaka wa Tanga, feni yako inaelekea wapi? Nauliza kwa sababu kwa joto letu la pwani watu huielekeza kwenye mashine, upepo ukapiga moja kwa moja kwenye hedi na kepu, wino ukakaukia hapo. Feni iwekwe mbele, ipulize bango linalotoka. Vilevile, umeme ukikatika wakati hedi iko katikati ya safari, zima swichi na uisukume taratibu kwa mkono hadi ikae juu ya kepu. Usiiache hewani kusubiri umeme urudi. Mwenye uwezo anunue UPS (betri ya akiba ya umeme) ya kubeba mashine peke yake. Hita nyingi za kukaushia bango huwa na waya wao wa umeme, nao usiunganishwe na UPS kwa sababu utaimaliza betri mara moja.

Mchora Mabango, Tanga

Nawashukuru sana. Kizibo cha tangi kilikuwa wazi, na maji ya kepu hayakushuka. Kipimo cha kwanza kilikosa karibu nusu ya majenta, na cha pili, baada ya kupumzika, kilikuwa na mistari yote. Dampa ya majenta inaonekana nyeusi upande wa kichujio. Je, nibadilishe hiyo pekee? Na ninaijazaje pasipo kuleta hewa?

Fundi wa Pwani

Badilisha zote kwa pamoja, kwani zimefanya kazi muda ule ule na bei yake haifiki popote karibu na ya hedi. Zima mashine na uchomoe waya ukutani kabla ya kugusa chochote, kisha funika kebo bapa ya hedi kwa nailoni, kwa sababu tone moja la wino likiingia kwenye soketi yake huweza kuunguza hedi na bodi kuu kwa pamoja. Funga mrija kwenye dampa mpya, weka sirinji kwenye tundu la chini na uvute polepole hadi wino ujaze takriban theluthi mbili ya dampa. Ukivuta kwa nguvu unaleta mapovu. Ikishakaa kwenye hedi, safisha mara moja tu, iache itulie saa moja, ndipo urudie ule mraba wa majenta.